Nimeitikia Jina la Luka

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye mkeka katikati ya ukoo wetu, mfuko wa spana za marehemu kaka yangu uko mapajani, sijui nilie au nishukuru. Leo nimeshajua. Nilipaswa kulia.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: naitwa Asteria Pantaleo, mzaliwa wa Nyarugusu, Geita. Nimemaliza kidato cha sita Shinyanga, mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Kaka yangu wa pekee, Luka, alikuwa fundi wa karasha la baba, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Gurudumu kubwa la mashine lilipasuka likiwa linazunguka, kipande cha chuma kikamfuata pale aliposimama. Hakufika hospitali.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa kutafuta wa kumrithi. Kwetu marehemu hurithiwa. Mtu hupewa vitu vyake, jina lake na kazi yake, ili nafasi yake isibaki wazi. Kwa kawaida mwanamume hurithiwa na mwanamume, lakini baba na mama walituzaa wawili tu. Shangazi Esta, dada yake baba, akasimama akaniwekea ule mfuko mapajani.

"Kuanzia leo wewe ndiye Luka," akasema.

Ningeweza kukataa. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua kabisa. Ila mama, ambaye tangu maziko alikuwa hajatamka neno, na uji tulikuwa tunamnywesha kwa kijiko, aliinua uso akanitazama.

"Luka," akasema, "umekula?"

Watu wakapiga vigelegele. Wengine wakalia. Na mimi nikaitikia kwa neno la Kisukuma ambalo Luka ndiye alizoea kulitumia, kwa maana mimi shule ilinizoesha kusema mama tu.

"Bado, mayu."

Tangu siku hiyo mama anakula nikimwita mayu. Nikisahau nikasema mama, kijiko kinarudi kwenye sahani.

Sasa, wakati nikijifunza kuwa marehemu, vyuo viwili vikanichagua mimi niliye hai. Kimoja kilinipa uhandisi mitambo. Kingine kilinipa fizikia ya uhandisi, kozi niliyoiota tangu kidato cha tano.

Kuchaguliwa mara mbili ni raha kwa mtu ambaye nyumbani kwao kuna amani. Unathibitisha kimoja, kingine unakiacha, basi. Namba za kuthibitishia hutumwa kwenye simu uliyoombea nafasi. Na simu niliyoombea mimi ilikuwa ya Luka.

Wakati wa kuomba sikuwa na kitambulisho cha NIDA, na bila NIDA hupati laini. Wengi wetu huku tunatumia laini za ndugu zetu, wala hatuoni shida. Luka mwenyewe alicheka siku ile. "Chuo kikipiga nitasema mimi ndiye Asteria," akaniambia. Mungu naye ana utani wake.

Baada ya msiba simu hiyo aliichukua mama. Ilikaa kifuani mwake, ndani ya khanga. Ikiishiwa chaji anahangaika kama mtoto mchanga ana homa. Na dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa siku hii ninayowasimulia leo, saa kumi na mbili jioni.

Asubuhi ya siku hiyo baba aliniita. Shangazi Esta naye alikuwepo, na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa," alisema baba. "Nasikia vyuo ni viwili. Mashine ndiyo ipi?"

"Uhandisi mitambo, baba. Unajifunza kubuni mashine, kuitengeneza na kuiendesha."

"Hiyo hiyo. Na hiyo nyingine?"

"Fizikia ya uhandisi."

"Inafunga bolti?"

"Haifungi bolti, baba."

"Inafungua?"

Shangazi akacheka mpaka chai ikampalia. Na mimi nilicheka, nikadhani kucheka ni dalili njema. Nikaanza kueleza.

"Inatengeneza vyombo vya kupimia, baba. Chuma kinaweza kuwa na ufa ndani ambao jicho halioni. Ukikipitishia sauti, ile sauti inarudi na habari. Mwalimu Maige alituonyesha kwa kengele ya shule, ile rimu ya lori. Alileta rimu mbili, ukizitazama ni pacha. Akazigonga kwa nondo. Moja ililia vizuri. Nyingine ilikohoa. Ilikuwa na ufa."

Niliona uso wa baba ukibadilika. Nikadhani anamkumbuka Luka, nikaongeza kasi.

"Mhandisi mitambo angetengeneza gurudumu bora, sikatai. Lakini gurudumu letu lilikuwa zima kwa macho ya kila mtu. Aliyekosekana ni mtu wa kusikia..."

"Basi!"

Baba alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Tangu nizaliwe hajawahi kunikaripia hivyo, hata siku nilipochoma ghala la mpunga.

"Mwenzako amekufa kwa mashine. Kasome mashine. Ukimaliza urudi uendeshe karasha la nyumbani kwenu. Hayo ya kusikiliza vyuma, Jumapili nenda kanisani, kengele ipo, kaisikilize mpaka uchoke."

"Baba, hii ni shule yangu mimi."

Shangazi akaniwekea mkono begani, kwa upole uliozidi ukali wa baba.

"Luka, baba yangu, mwanamume haikimbii kazi yake."

Alikuwa anasema na mimi.

"Shangazi, naomba nisikilizwe."

"Na mama yako je? Tunataka arudi kwenye uji wa kijiko?"

Hapo wakawa wamenimaliza. Nikainuka nikaenda kumtafuta mama.

Alikuwa nyuma ya nyumba anakata viazi vya michembe na kuvitandaza juani. Aliponiona akasogea kunipisha kivulini.

"Luka. Njoo ukae, jua kali."

"Mayu, naomba simu."

"Ya nini?"

"Nithibitishe chuo."

Kisu kikasimama. "Cha mashine?"

Nitawaambia ukweli. Nilikuwa nimepanga kudanganya. Mama husoma kwa shida, baba na shangazi walikuwa ndani, nani angejua nimebonyeza nini? Wangekuja kujua nikiwa nimeshaondoka. Niliipokea ile simu, ya moto kwa joto la mwili wake, na kwenye kioo picha ya Luka akicheka kwa meno yote. Nikafungua, nikaziona namba. Kidole changu kikaenda moja kwa moja kwenye fizikia.

"Ukienda huko," mama akasema, "gurudumu likizunguka usisimame mbele yake, ng'wanawane. Simama pembeni. Umenisikia? Pembeni."

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Alilisema huku ananifuta vumbi shavuni.

"Nimesikia, mayu."

Nikathibitisha mitambo.

Moyo uliniuma kama nimezika mtu wa pili. Lakini kwa kuwa mama alikuwa ananitazama, nilitabasamu. Shangazi alipopata habari alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna posa.

Wewe msomaji unayesema ungekuwa wewe ungeshika msimamo, shukuru Mungu hujawahi kumlisha mama yako kwa kijiko.

Mchana nilikuwa nimekaa peke yangu pembeni ya zizi pikipiki ilipoingia uani. Nyuma yake alikaa Festo, begi mgongoni. Festo alikuwa rafiki wa Luka tangu utoto, na walifanya kazi pamoja karashani.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Nimepata kibarua mgodini Bulyanhulu. Hapa siwezi kukaa tena."

"Hongera, Festo."

"Hongera na wewe. Nimesikia vigelegele huko njiani. Umechukua ipi?"

"Mitambo."

Uso ukamshuka. "Si ulikuwa unataka ile ya kusikiliza vyuma? Luka alitusimulia mpaka tukachoka. Kila mteja akija, dada yangu atakuwa hivi, dada yangu atakuwa vile."

"Baba amekataa."

"Lazima akatae."

Alilisema bila kufikiri, kisha akaangalia chini.

"Lazima kwa nini?"

"Aah, achana nayo."

"Festo. Lazima kwa nini?"

Akamtazama mwenye pikipiki, akamwomba amsubiri barabarani. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake safi ya safari.

"Asteria," akaanza. Tangu matanga hakuna aliyeniita hivyo. Nilishtuka kama naitwa na mwalimu. "Kesho sipo hapa, kwa hiyo nasema. Asubuhi ile mashine ilikuwa inalia vibaya. Siyo kelele yake ya kila siku. Luka akaizima. Akamwambia baba yako, hili gurudumu lina ufa, silioni ila nalisikia, tusiwashe mpaka fundi wa Katoro aje."

"Halafu?"

"Mzee akasema wenye mawe wamelala foleni, wakicheleweshwa watahamia kwa jirani. Luka akakataa. Wakabishana. Mwisho mzee akawasha."

"Baba?"

"Kwa mkono wake. Luka alikuwa anasogea kuizima tena ndipo..."

Nilimshika mkono wa shati.

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya nani? Baada ya maziko alituita sisi vijana wake. Hakututishia, Asteria. Alituomba huku analia. Mtu mzima akikulilia unafanyaje?"

Festo aliondoka hata sikumsindikiza, na najua ni vibaya kutomsindikiza msafiri.

Baba nilimkuta karashani. Mashine ilikuwa haijawashwa tangu msiba. Alikuwa amekaa peke yake juu ya viroba vya mawe ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua.

"Baba, ulisikia?"

Hakuuliza alisikia nini. Hilo ndilo lililoniua.

"Nani amekwambia?"

"Ulisikia, au hukusikia?"

"Nilisikia," akasema. "Nilijiambia ni mkanda umelegea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mkanda."

Nilitegemea aje juu. Angekuja juu ningejua la kufanya. Lakini alikaa tu, mikono imelala mapajani.

"Na bado ukanipeleka mitambo. Nikadhani ni kwa heshima ya Luka."

"Ukisoma mitambo, ile ilikuwa ajali. Mashine mbovu, fundi aliyesoma hakuna, ajali. Kwa ajali naweza kuamka nikanawa uso. Lakini hiyo ya kusikiliza vyuma, mwanangu... Kila siku utakayoingia darasani utakuwa unanihukumu. Utarudi likizo, utaniamkia, na moyoni utakuwa unajua, kwa vipimo, kwamba kilio kile cha mashine hata kiziwi angekisikia."

Nilijaribu kumchukia. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, na ningemudu ningekuwa na amani leo. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni masika yote ya darasa la kwanza ili viatu vyangu visiguse tope. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijui nyinyi wenzangu mnafanyaje mambo hayo mawili yakikutana.

"Muda bado upo, baba. Kabla ya saa kumi na mbili naweza kufuta nikathibitisha nyingine. Watatuma namba mpya."

"Zitakwenda kwenye simu ya mama yako."

"Ndiyo."

"Basi usimwambie." Akashuka kwenye viroba, akanishika mikono yote miwili. "Nipeleke polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Waambie ukoo wote. Ila mama yako usimwambie. Hili litamuua."

Nikajitoa mikononi mwake, nikaondoka.

Njiani niliingia steshenari, nikamwomba yule dada kompyuta. Nikafungua akaunti yangu, nikaifuta mitambo. Kioo kikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo kabla woga haujanifikia. Kuanzia dakika ile sikuwa na chuo chochote. Nisipozipata namba mpya kabla dirisha halijafungwa, nimekosa vyote viwili, na shule yangu yote ya Shinyanga imeishia pale kwenye kiti cha plastiki.

Nilikimbia kurudi nyumbani. Watu wa sokoni walinipisha wakidhani kuna msiba mwingine.

Mama alikuwa chumbani, ameketi kitandani. Simu alikuwa nayo mikononi.

"Imelia," akasema.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ningemwita mayu. Ningesema chuo cha mashine kinataka namba nyingine. Dakika moja tu, halafu angeendelea na Luka wake, na mimi na fizikia yangu, na baba na ajali yake. Kila mtu angebaki na chake. Nikafungua mdomo kusema mayu.

"Mama," nikasema.

Akainua macho.

"Mama, mimi siyo Luka. Mimi ni Asteria. Nisamehe, mama. Siwezi tena."

Nikafumba macho nikingoja ukunga. Nilijua utasikika mpaka barabarani.

"Najua," akasema.

Nikafumbua.

"Nilikuzaa mwenyewe, nitakusahau vipi? Najua tangu siku ile ya mkeka."

"Sasa mama... kwa nini?"

Akapangusa kioo cha simu kwa pindo la khanga.

"Siku ile niliwapelekea uji karashani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai, ndoo kichwani. Nilimsikia mwanangu akimsihi baba yake. Nikaona mkono uliowasha."

Nikakaa sakafuni.

"Nikajua nikifungua mdomo, litakalotoka ni hilo," aliendelea. "Ndiyo maana nilinyamaza. Halafu Esta akakupa jina, nikaona pa kupitia. Nikimwita Luka na Luka akaitika, basi Luka yupo. Na kama Luka yupo, baba yako hajaua mtu. Naweza kumpakulia chakula. Naweza kulala naye nyumba moja."

Kumbe muda wote nilidhani mimi ndiye ninayemtunza mama. Nililia. Nililia kilio ambacho sikulia hata kaburini, kwa sababu kaburini nilikuwa na kazi ya kumshikilia yeye. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize.

Kisha akanipa simu.

"Chukua. Soma unachotaka, ni haki yako, wala sikuzuii. Ila ujue, Asteria. Siku wewe ukiacha kuwa Luka, na mimi ndiyo nimeacha. Nitamwita baba yako kwa alichokifanya, mbele ya ukoo. Na chini ya bati hili sitalala, hata leo."

"Mama, unanitaka nichague?"

"Sikwambii uchague. Nakwambia kitakachotokea."

Saa kwenye simu ilikuwa inakaribia kumi na mbili. Namba mpya zilikuwa hapo, chini ya kicheko cha Luka. Nikafungua ukurasa wa fizikia ya uhandisi. Nikaanza kuandika, tarakimu moja moja, vidole vinateleza kwa machozi. Ikabaki ya mwisho.

Hapo tukasikia mlango wa mbele.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya baba. Baba yangu, kwenye nyumba aliyofyatua kila tofali lake mwenyewe, alikuwa amesimama nje anapiga hodi.

"Hodi humu ndani," akarudia, kwa sauti ya mgeni asiyejua kama atapokelewa.

Mama hakuitika. Alitazama kidole changu juu ya kioo, kisha akanitazama mimi.

"Itikia wewe," akasema. "Nisikie ni nani anayemkaribisha."